Filamu ya maneno matupu?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Juzi usiku hapa Langoni tuliitazama The Maltese Falcon, ile ya 1941 isiyo na rangi, ambayo mjomba haishi kuisifu. Mimi niliona watu wamejifungia vyumbani wakizungumza tu, nikasinzia. Utamu wake u wapi?
Msomaji, Lamu

JIBU: Marahaba mwanangu. Hata mimi mara ya kwanza nililala, kahawa ikanipoa kikombeni. Mara ya pili niliacha kusubiri bastola, nikatazama mikono. Kuna pale mpelelezi Sam Spade (Humphrey Bogart) anapomfokea Gutman, mhalifu anayeisaka sanamu ya ndege, anavunja glasi na kutoka kwa kishindo. Akifika nje anatabasamu: hasira ilikuwa ya kuigiza! Kisha anautazama mkono wake. Unatetemeka. Basi hofu ilikuwa ya kweli. Hakuna aliyetamka neno.

Na hao wazungumzaji, karibu wote wanadanganya, wewe unajua kile tu anachokijua Spade. John Huston ndiyo kwanza alikuwa anaongoza filamu, lakini hakukutafunia kitu.

Irudie. Ila mjomba mketishe mbali. Ameiona mara nyingi mno, mdomo utamwasha.