Kompyuta 20 bila diski: pesa iende kwenye swichi na seva

Ndugu, umeuliza kama ununue kadi ghali za mtandao kwa kompyuta 20 za wanafunzi zisizo na diski, zinazovuta mfumo kutoka seva. Hapana. Kadi ya gigabiti iliyomo kwenye ubao mama inatosha, mradi BIOS yake (programu ya kuanzisha kompyuta) iwe na PXE, yaani uwezo wa kuwaka kwa kuvuta mfumo kupitia mtandao. Wi-Fi usiifikirie kabisa, maana PXE ya kawaida inataka waya.

Tatizo litakuja kwenye seva. Wanafunzi wote wakiwasha mashine saa mbili asubuhi, zote zinavuta mfumo kupitia waya mmoja wa seva. Ukiwa wa gigabiti 1, kila mashine inabaki na megabiti 50 kwa sekunde, yaani megabaiti 6 hivi. Hapo mtu anakodolea macho skrini nyeusi. Kwa hiyo tafuta swichi ya milango 24 ya gigabiti yenye angalau mlango mmoja wa SFP+ (tundu la moduli au kebo ya kasi) wa gigabiti 10, na seva uipe kadi ya gigabiti 10. Kadi zilizotumika za Intel X520 zinafaa sana, na Linux inazitambua bila shida. Kebo za Cat5e kwa mashine zinatosha.

Jambo moja linalosumbua wengi: swichi yenye STP (kinga dhidi ya mizunguko kwenye mtandao) huchelewesha mlango kama sekunde 30 baada ya mashine kuwaka. Kadi nyingine hukata tamaa mapema na kuandika kosa PXE-E51, yaani hakuna jibu la DHCP (huduma inayogawa anwani za mtandao), kumbe DHCP ni nzima. Washa portfast (mpangilio unaofungua mlango bila kusubiri) kwenye milango ya mashine tu, si ule unaounganisha swichi nyingine.