Ngozi, nywele na nguo baada ya kupungua kilo 39

Dada wa Tabora umeuliza: umeshuka kutoka kilo 118 hadi 79 ndani ya miezi 14, sasa ngozi ya tumbo inaning'inia, chini yake panawasha, nywele zinatoka, na majirani wanasema unaumwa. Hongera, na pole pia. Nianze na panapowasha, maana pakiachwa panaharibika upesi.

Ndani ya mkunjo jasho halina pa kutokea, ngozi inasuguana na fangasi wanapata makazi. Kwa ngozi yetu nyeusi usitafute wekundu. Utaona weusi uliokolea, unyevu unaong'aa na vipele vidogo pembezoni. Osha asubuhi na jioni kwa sabuni isiyo kali, suuza povu lote. Inua mkunjo kwa mkono mmoja, kausha kwa kugusagusa bila kusugua, kisha kaa dakika 5 hewa ipite. Ndipo ulaze ndani kipande safi cha khanga kuukuu ya pamba, ncha yake itokeze nje. Kikilowa, badilisha. Kama fangasi wameshaingia, paka krimu ya klotrimazoli kidogo tu, mara 2 kwa siku, na uendelee wiki 2 baada ya muwasho kuisha. Wengi huacha siku ya nne, wakirudi kuwashwa wanadhani dawa ni feki.

Usikubali krimu ya mchanganyiko yenye steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, kwa kuuziwa tu dukani. Muwasho hutulia upesi, lakini ngozi inazidi kuwa nyembamba na fangasi wanasambaa chini kwa chini. Poda nayo ikikutana na jasho inageuka uji na kukwaruza. Pakitoa usaha au harufu, au ukipata homa, nenda hospitali. Fangasi wakirudi kila mara, pima sukari.

Ngozi yenyewe ilivutwa miaka mingi, nyuzi zinazoirudisha zimechoka. Itajivuta kiasi kwa muda wa mwaka au zaidi, na hakuna mafuta yatakayoirudisha yote, yawe ya nazi au ya mawese. Mkanda wa tumbo unashikilia ukitembea, haupunguzi ngozi, uvue ukilala. Operesheni ya kuondoa ngozi ipo, ila uzito uwe umetulia miezi 6 au zaidi, na kama unapanga kuzaa, subiri kwanza.

Nywele kutoka baada ya kupungua haraka ni kawaida: huanza miezi 2 au 3 baadaye, hudumu miezi kadhaa, kisha huota tena. Punguza kusuka kwa kuvuta, pima wingi wa damu, na kula protini kila mlo. Dagaa wakavu wa Kigoma ni protini zaidi ya nusu ya uzito wao, kwa hiyo konzi moja kwenye mboga inakufikisha mbali kuliko sahani ya pili ya ugali. Msuli nao hupungua pamoja na mafuta. Keti kwenye kiti na uinuke bila kushika kitu mara 10, pumzika, rudia mara 3, siku 3 kwa wiki.

Kama unatumia dawa za presha au sukari, hili ni la wiki hii hii: mwili mdogo huenda hauhitaji dozi ya zamani. Kizunguzungu ukisimama, kutetemeka na jasho la ghafla ni dalili za kurudi kliniki upangiwe upya, usijipunguzie mwenyewe.

Nguo usizipunguze zote leo. Fundi akibana pembeni tu, bega linabaki limeanguka na kwapa linaachama. Mwambie afumue mikono, aanzie begani, na aache vidole viwili vya kitambaa ndani bila kukata. Pete vua kabla haijadondoka kisimani.

Majirani wajibu kwa kifupi: "Nimepunguza mwenyewe." Wasikuogopeshe hadi ukaanza kula kwa ajili yao. Ila uzito ukiendelea kushuka bila wewe kukusudia, au ukakohoa wiki 2, au ukalowa jasho usiku, kapime TB, sukari na VVU mapema.