Maswali na Majibu: Unaposoma rasimu ya katiba, tafuta "isipokuwa"

Barua za safari hii karibu zote zinahusu sura ya haki za binadamu katika rasimu za katiba. Zilizofanana tumeziunganisha.

SWALI: Rasimu tuliyopewa kuisoma ina sura nzima ya haki, tena ndefu na yenye maneno mazuri. Mbona wanasheria bado wanalalamika?

JIBU: Kwa sababu orodha ndiyo kazi nyepesi. Mwandishi yeyote wa rasimu anaweza kuinakili kutoka kwenye Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966. Ugomvi uko kwenye mikia ya vifungu. Soma kila ibara hadi mwisho, uone kama imefungwa kwa "kwa mujibu wa sheria", "mradi asivunje sheria za nchi" au "isipokuwa kama sheria itakavyoelekeza". Ibara ya namna hiyo inampa raia uhuru wa kukusanyika, kisha inaliachia Bunge litunge sheria ya kawaida, kwa wingi wa kawaida wa kura, inayokataza mikusanyiko. Sheria ikipita, haki imekwisha, na hakuna anayeweza kusema Katiba imevunjwa.

Kasoro hii haiko kwenye katiba za nchi peke yake. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa mwaka 1981 unatoa uhuru wa maoni "ndani ya sheria", na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, inayosimamia mkataba huo, ililazimika kufafanua kwamba sheria hiyo ya nchi nayo lazima ilingane na viwango vya kimataifa. Tume ilifanya vizuri, lakini si busara kuandika kifungu kibovu kwa kutegemea kwamba majaji wa kesho watakuwa wakarimu.

Dawa inayojulikana ni kuifuta mikia yote na kuweka ibara moja ya mipaka kwa sura nzima. Ziko hivyo ibara ya 36 ya Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 na ibara ya 24 ya Katiba ya Kenya ya 2010. Anayetaka kubana haki lazima apite kwenye maswali haya: je, mpaka umewekwa na sheria, au ni amri tu ya ofisa? Lengo lake lina uzito gani? Unabana kiasi gani? Je, hakukuwa na njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo lile lile? Kenya imeongeza jambo tunalolipenda sana: mzigo wa kuthibitisha ni wa Serikali au yeyote anayetetea mpaka huo, si wa mwananchi aliyebanwa.

Angalieni pia rasimu yenye vyote viwili, yaani ibara nzuri ya mipaka pamoja na mikia iliyosahaulika humo ndani. Wakili wa Serikali atashika mkia, na mahakama huenda isifike kabisa kwenye yale maswali. Mikia inayostahili kubaki ni michache, kwa mfano kwenye ibara ya kukamatwa mtu au ya kutwaa mali kwa manufaa ya umma, ambako sharti na utaratibu ndiyo haki yenyewe.

SWALI: Rasimu inasema Rais anaweza kutangaza hali ya hatari "kwa muda atakaoona unafaa". Tupendekeze nini?

JIBU: Pendekezeni tarakimu. Kenya: tangazo linakufa baada ya siku 14, isipokuwa Bunge la Taifa liliongezee muda, usiozidi miezi miwili kila mara. Nyongeza ya kwanza inahitaji theluthi mbili ya wabunge wote, zinazofuata robo tatu. Afrika Kusini: siku 21, kisha nyongeza isiyozidi miezi mitatu kila mara, ya kwanza kwa kura za wengi, zinazofuata kwa asilimia 60. Angalieni kwamba ngazi inapanda. Kadiri hali inavyozidi kurefushwa, ndivyo inavyohitaji kuungwa mkono na wengi zaidi.

Dai la pili ni kwamba mahakama iweze kuamua kama tangazo lenyewe ni halali. La tatu ni orodha ya haki zisizoguswa hata wakati huo. Mkataba wa 1966, ibara ya 4, unakinga miongoni mwa nyingine uhai, kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kutohukumiwa kwa kosa ambalo halikuwa kosa lilipotendwa, na uhuru wa dhamiri. Haki ya mtu aliyeshikiliwa kufikishwa mbele ya jaji haimo kwenye orodha hiyo ya mkataba, iandikeni wenyewe. Mateso hutokea pale ambapo hakuna jaji anayejua mtu yuko wapi.

SWALI: Kuna ubishi mkali kwenye kamati yetu. Wengine wanataka haki ya afya, maji na makazi. Wengine wanasema Serikali itashtakiwa hadi ifilisike.

JIBU: Hofu hiyo imekuzwa. India, katika Katiba yake ya 1950, iliyaweka mengi ya mambo haya kwenye sura ya mwongozo wa sera na kutamka kwamba mahakama haitayatekeleza. Afrika Kusini ilichagua njia nyingine: haki ya kupata makazi ya kufaa inadaiwa mahakamani, lakini wajibu wa Serikali ni kuchukua hatua za kuridhisha, kulingana na rasilimali zilizopo, ili haki itimie hatua kwa hatua. Katika shauri la Grootboom la mwaka 2000, Mahakama ya Katiba haikuamuru mdai yeyote ajengewe nyumba. Ilichosema ni kwamba mpango wa makazi haukuwa wa kuridhisha kwa kuwa haukuwagusa wale wasiokuwa na pa kujisitiri kabisa. Hazina haikufilisika kwa hilo.

Tukiulizwa tuchague maneno, tutachagua ya Kenya, ibara ya 20(5): Serikali ikisema haina fedha, ni juu yake kuonyesha kwamba hazipo, na mahakama isiingilie mgawo wa fedha kwa sababu tu yenyewe ingegawa tofauti. Hapo kila upande wa kamati yenu una kitu mkononi.

SWALI: Nani atakwenda mahakamani haki ikivunjwa? Watu wetu hawana wakili.

JIBU: Swali hili linastahili ibara yake. Iruhusu kushtaki kwa niaba ya asiyeweza mwenyewe, kwa niaba ya kundi, na kwa manufaa ya umma. Ibara ya 22 ya Kenya inakwenda mbali zaidi: hakuna ada ya kufungua shauri la aina hii, na mahakama inaweza kupokea maombi yasiyofuata fomu rasmi. Haya yasipokuwa kwenye Katiba, sheria ya kawaida itayapunguza kimyakimya. Tanzania, kwa mfano, ilirekebisha sheria yake ya utekelezaji wa haki mwaka 2020, ikamtaka mwombaji aape kiapo kueleza jinsi alivyoathirika yeye binafsi. Mlango wa kushtaki kwa ajili ya umma ukawa mwembamba, na hakuna neno lililobadilishwa kwenye Katiba.

SWALI: Tuweke sharti gumu kabisa ili sura ya haki isibadilishwe kamwe?

JIBU: Polepole hapo. Kufuli halichagui anayeingia. Zambia ilikuwa na sharti kwamba ili sura ya haki ibadilishwe, angalau nusu ya wanaostahili kupiga kura washiriki kwenye kura ya maoni. Agosti 2016 watu waliulizwa kuhusu sura mpya iliyopanua haki, zikiwemo za kiuchumi na kijamii. Zaidi ya asilimia 70 ya waliopiga kura walisema ndiyo, lakini waliojitokeza walikuwa chini ya nusu, na sura ya zamani ikabaki. Tungependelea ngazi tofauti: kupunguza haki kuwe kugumu sana, kuziongeza kuwe kwa theluthi mbili ya Bunge. Viko vinavyostahili kufungwa moja kwa moja, kama Ujerumani ilivyofanya mwaka 1949 kwa utu wa binadamu, lakini orodha hiyo iwe fupi.

SWALI: Je, Katiba ikishapita, kazi imekwisha?

JIBU: Someni masharti ya mpito, yanayosema lini na vipi Katiba mpya itaanza kutumika, yale ya kurasa za mwisho ambayo wengi huyaruka. Tanzania iliingiza haki kwenye Katiba mwaka 1984, lakini kuzidai mahakamani kukasogezwa hadi Machi 1988. Kenya iliweka muda wa kutunga kila sheria ya utekelezaji, na adhabu ya Bunge kuvunjwa. Hata hivyo kanuni ya jinsia, kwamba wajumbe wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili, haikutungiwa sheria yake; Septemba 2020 Jaji Mkuu alimshauri Rais alivunje Bunge, na halikuvunjwa. Kanuni iliandikwa bila kusema viti vya kuziba pengo vitapatikanaje. Fomula hiyo ilipaswa kuwa ndani ya ibara yenyewe.

SWALI: Nina ukurasa mmoja tu wa kuwasilisha maoni. Niandike nini?

JIBU: Usiandike hotuba. Chagua ibara mbili, si kumi. Kwa kila moja taja namba, nakili maneno unayoyapinga, andika maneno kamili unayotaka yawekwe badala yake, kisha sababu kwa sentensi mbili. Sekretarieti inayopokea maoni huyapanga kwa namba za ibara. Barua inayosema tu "haki zetu zilindwe" haina pa kuwekwa. Ukiweza, taja nchi yenye kifungu kama chako na namba yake. Mkiwa kikundi, kila mmoja asaini, lakini msitume nakala mia za barua ile ile, kwani huhesabiwa kama oni moja. Baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, ili rasimu ya pili ikitoka uweze kuuliza ibara ile ilikwenda wapi na nani aliitoa.