Aliyeziba mfereji alikuwa shangazi

Wiki hii mmeuliza: "Nani asimamie maji ya kijiji, wananchi au serikali?" Nilitaka kujibu kwa neno moja: wananchi. Nalima mpunga Igurusi, mkoani Mbeya, na zamu za maji tulikuwa nazo kabla sheria ya rasilimali za maji ya 2009 haijazitambua jumuiya za watumia maji. Siku ya kusafisha mfereji kila kaya inatoa mtu, asiyetoka analipa.

Lakini mimi nauliza jingine: usiku nani anatembea juu ya tuta?

Mwaka niliomaliza darasa la saba, Novemba, mvua hazijaanza na vitalu vya miche ya mpunga vinanyauka. Zamu yetu ilikuwa saa 2 usiku. Saa 4 hata tone. Kaka akachukua tochi na jembe, nikamfuata. Tulipanda na mfereji tukitega sikio, maana gizani maji yaliyochepushwa huyasikia kabla hujayaona. Penye mwembe tukayasikia yakimwagika shambani. Mfereji umezibwa kwa viroba vya matope, na pembeni amekaa shangazi yetu, mjane, miguu majini, khanga kichwani. Hakukimbia. "Wanangu," akasema, "kitalu changu kinakufa." Kaka akalaza jembe. Tukakaa naye mpaka kitalu kikajaa, ndipo tukaondoa viroba, na yeye akasaidia kubeba. Kwenye kamati ya maji hatukusema kitu. Mwenyekiti alikuwa mkwewe, alijua, hakuuliza.

Miaka yote nimeutaja usiku ule kama mfano wa ushirikiano. Ninapoandika hivi ndiyo kwanza namkumbuka mtu wa shamba la chini yetu, mwenye zamu baada yetu. Nasi tulichelewa kumwachia, na asubuhi alikuta tope. Hakuwa ndugu yetu. Na maji yetu huenda mto Mkoji, Mkoji huingia mto Ruaha Mkuu, ambao tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kabla ya kufika bwawa la Mtera. Watu wa huko hawana kiti kwenye mkutano wetu.

Basi serikali iwepo, walau Septemba hadi Novemba, na lango la banio, pale maji yanapoingizwa mferejini kutoka mtoni, alishike mtu asiye na shamba wala shemeji kwetu. Mvua zikishika atuachie wenyewe. Ila kumtoza faini mjane mwenye kitalu kimoja bado sikubali, hata aje ofisa wa maji wa bonde mwenyewe.