Tuna ahadi za milioni 60, tuanze kujenga shule ya kanisa?

Swali: Bwana Yesu asifiwe, mtaalamu. Kanisa letu huku Mufindi linataka kujenga shule ya msingi. Kwenye harambee tumepata ahadi za shilingi milioni 60, taslimu milioni 19. Mzee mmoja ametupa ekari nne. Fundi anashauri tuchimbe msingi wa madarasa yote manane ili watu waone kazi imeanza, na anayesita anaambiwa hana imani. Pia kuna ndugu anasema ana mfadhili Ulaya, anataka laki nane za kuandaa andiko la kuomba fedha. Tuanzie wapi? – Katibu, kamati ya ujenzi

Jibu: Amina, katibu. Mna milioni 19. Zile 60 haziingii kwenye makadirio mpaka ziingie benki. Mwaka 2021 serikali ilipojenga madarasa ya sekondari kwa fedha za UVIKO-19, ilitenga milioni 20 kwa darasa moja. Ninyi mkizigawa 19 kwa madarasa manane, kila moja linapata milioni mbili na ushee. Hizo zinaishia kwenye jamvi, yaani zege la sakafu, tena jamvi lililopunjwa saruji.

Kinachofuata kinajulikana. Nondo zilizoachwa zimesimama zinaota kutu. Mvua za kwenu, Novemba hadi Aprili, zinachimba kifusi pembeni na jamvi linapasuka. Boma likifika usawa wa lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) likakosa paa, maji yanaingia kwa juu kwenye viungo, na kama tofali za kuchoma zimejengwa kwa udongo, baada ya misimu miwili mitatu fundi anayekuja kumalizia anaanza kwa kubomoa kozi (mistari ya tofali) za juu. Aliyetoa mabati kumi anapita hapo kila Jumapili akiangalia magugu. Mkimwendea tena atawaambia jambo hilo analiombea.

Wenye msemo wa "tuanze tu, Bwana atatoa" hupenda kumtaja George Müller wa Bristol, Uingereza, aliyelea yatima bila kupitisha kapu kwa mtu. Sehemu isiyowafaa wanairuka: nyumba yake ya kwanza pale Ashley Down, iliyofunguliwa 1849 kwa watoto 300, hakuianza mpaka fedha ya kuijenga ilipokuwa mkononi. Hakukopa, na hesabu zake zilichapishwa kila mtu azisome. Hadi 1870 nyumba zilikuwa tano, lakini zilipanda kwa zamu. Luka 14:28 nayo inamtaka mwenye mnara akae kwanza apige hesabu. Sijui nani aliwafundisha mafundi kwamba kalamu ni dalili ya mashaka!

Kwa hiyo choreni ramani ya shule nzima, ipitishwe na mhandisi wa halmashauri, halafu mjenge kipande. Darasa moja la mita 7 kwa 9 likamilike mpaka bati na milango. Labda mawili, kama tofali, mchanga na vibarua vinatoka kwa waumini. Kabla ya kunyanyua ukuta, mbao za kenchi (fremu za kubeba paa) na mabati yawe yameshanunuliwa yako stoo. Mbao za msitu wa Sao Hill mnazo jirani, ila zitiwe dawa. Jengo la awamu ya pili lisimame peke yake, lisiungwe kwenye ukuta wa la kwanza, maana misingi ya miaka tofauti haititii pamoja na ufa hautaisha.

Sadaka ya vifaa ndiyo inayoponza wengi, kwa kuwa watu wanaona haya kuikataa. Kila familia ikichoma tofali kwa kalibu (kiunzi cha kufyatulia) yake, mnapata saizi tano: ukuta unapinda na fundi anajaza mapengo kwa mota, yaani saruji na mchanga. Tengenezeni kalibu moja izunguke. Gonganisheni tofali mbili. Zikilia kama chungu ni nzima, zikitoa mlio wa kufa rudisheni. Mchanga tieni kwenye chupa ya plastiki na maji, tikiseni, acheni saa tatu. Tabaka la tope juu likifika sehemu moja kwa kumi ya mchanga, hilo lori ni la kujazia mashimo ya barabara.

Zile ekari nne si za kanisa mpaka hati itoke kwa jina la Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa. Si jina la mchungaji, wala neno la mzee mbele ya madhabahu. Akifariki, warithi hawakuwepo siku hiyo ya ibada. Na kibali cha kuanzisha shule kitoke wizarani kabla ya jembe la kwanza. Kuna shule zimejengwa zikaisha, kisha wakaguzi wakakuta eneo halitoshi au vyoo havipo.

Sasa huyo ndugu wa laki nane. Mfadhili wa kweli hamtozi anayeomba, na wala hamtumi mtu kukusanya "ada". Makanisa mengi yameliwa kwa njia hii, na mara nyingi hela ya pili huombwa kwa jina la "gharama za benki". Jamvi la darasa lenu, unene wa sentimita 10 kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), linakula mifuko kama 40 ya saruji, na laki nane zinakaribia kuinunua yote. Andiko liandikeni wenyewe: nakala ya hati, ramani, mchanganuo wa gharama, taarifa ya benki, na picha ya darasa lililokwisha kuezekwa.