Kabla shule ya kijiji haijaunganishwa na nyingine

Ndugu, umeuliza wazazi wa kijiji chenu wilayani Uvinza wafanye nini kabla shule yao ya msingi haijafungwa na watoto kuhamishiwa kijiji jirani. Mwombeni mwenyekiti aitishe mkutano mkuu wa kijiji, na maoni yenu yaandikwe kwenye muhtasari utakaopelekwa kwenye kamati ya maendeleo ya kata, kwa sababu malalamiko ya kijiweni hayafiki halmashauri. Umbali upimeni msimu wa mvua, si kiangazi: mtoto wa darasa la kwanza hawezi kuvuka peke yake vijito vya bonde la Malagarasi vikifurika. Uhaba wa walimu ni hoja ya kweli ya kuunganisha shule, nami siupuuzi. Ombeni basi majengo yabaki kuwa shule shikizi, yaani tawi dogo la shule kubwa ya jirani, kuanzia awali hadi darasa la pili.