Kuhamishia simu za ofisi kwenye Teams bila kulia kama nilivyolia mimi

Juzi jamaa mmoja tuliyesoma naye kaniuliza, wanataka kutoa simu za mezani ofisini kwao waweke kila kitu kwenye Microsoft Teams (ile programu ya kazini ya meseji na mikutano), aanzie wapi. Nikamtumia voisi ya dakika kumi na moja WhatsApp, akanijibu "kaka huko nyuma kuna matatu inapiga honi tu, niandikie". Haya, naandika, na mwingine yeyote anayetumwa na bosi wake kazi hii asome.

Mimi niko Mombasa, ndiye mtu wa kompyuta kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, watu 43, ofisi moja mjini na nyingine karibu na Kilindini. Tulikuwa na lile sanduku la simu ukutani, rangi ya maziwa yaliyochacha, nyaya kila mahali, na fundi aliyelielewa alishastaafu akarudi kwao Voi. Siku nusu ya ekstensheni zilipokufa bosi akaniita, akasema si hii Teams tunailipia kila mwezi, watu si wanaongea humo mpaka na video, kwani simu ya kawaida haiwezi kuingia humo? Inaweza bosi. Nikasema wiki mbili. Ilichukua miezi miwili na nusu.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuanzia kwenye skrini ya admini. Nilichukua karatasi ya HR yenye idara, Uhasibu, Nyaraka, Usafirishaji, nikatengeneza makundi ya simu vilevile nikaona mambo safi. Kumbe simu haziendi kwa idara bana. Mtu anapiga anauliza "kontena langu limetoka?" na dada wetu wa mapokezi kwa sauti tu anajua huyu ni wa mzigo wa transiti wa Uganda, anampeleka kwa kijana fulani, yule ni wa magari ya Japani anampeleka kwingine, na mteja akiwa amewaka moto kabisa anampeleka kwa mama mmoja wa nyaraka kwa sababu mama yule ana subira na anajua kubembeleza. Hiyo iko kwenye karatasi gani ya HR? Nilikuja kukaa naye siku mbili na daftari, naandika kila simu inatoka kwa nani inaenda kwa nani, na zile kurasa nne za daftari ndizo zilizokuwa ramani ya kweli. Ningezipata mwanzo ningeokoa mwezi mzima.

Haya, tuje kwenye namba. Kuna nchi kama Uingereza na Marekani ambako Microsoft wenyewe wanakuuzia namba na dakika, unabonyeza unalipa basi. Wakati tunafunga sisi Kenya haikuwa kwenye hiyo orodha, kwa hiyo ikabidi tutumie njia inayoitwa Direct Routing. Yaani kampuni ya simu ya hapa inakupa laini za kupitia intaneti, zinaingia kwenye mashine inayoitwa SBC, na hiyo SBC ndiyo inayoongea na Microsoft. Ukitaka unanunua SBC yako, lakini iwe kwenye orodha ya zile Microsoft wamezithibitisha, na inataka jina lake la domeni na cheti cha kidijitali kinachokubalika, na cheti kina tarehe ya kufa (andika hiyo tarehe kwenye kalenda sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma, kwa sababu kikiisha simu zote zinakata na hakuna atakayejua kwa nini). Sisi tulikodi SBC ya mtu ambaye kazi yake ndiyo hiyo. Kwa ofisi ya watu 43 sioni sababu ya kujitesa.

Kwa upande wa kila mfanyakazi mambo ni haya: awe na leseni ya Teams Phone, ambayo kwa wenye E5 (kile kifurushi kikubwa cha Microsoft) imo ndani tayari na wengine wananunua juu ya waliyonayo, akaunti yake iwe imeandikwa nchi aliyoko, umpe namba, kisha umpe ile sera ya njia ya sauti inayoiambia Teams simu zake zitokee wapi. Namba unaiandika kimataifa, sisi ni +254 halafu 41 ya Mombasa halafu namba yenyewe, sifuri ya mbele inaondoka. Mimi nilifanya kwa PowerShell, yaani kuandika amri badala ya kubonyeza, Set-CsPhoneNumberAssignment halafu Grant-CsOnlineVoiceRoutingPolicy, ukiwa na watu zaidi ya kumi usijichoshe na kubonyeza mmoja mmoja. Na weka kanuni ya kupiga, kwamba mtu akiandika 0 na tarakimu tisa Teams yenyewe iigeuze iwe +254. Hakuna mfanyakazi duniani atakayekumbuka kuandika +254 kumpigia dereva aliye Mariakani, nakuambia.

Sasa ile Jumatatu. Nilihamisha watu wote usiku wa Jumapili nikalala vizuri. Asubuhi saa mbili nafika ofisini, nusu ya watu hawana hata vile vitufe vya kupigia, wakifungua Teams wanaona meseji na kalenda basi. Nikaanza kufuta na kuweka upya, nikaharibu zaidi. Kumbe hakuna kilichoharibika, mabadiliko yanachukua masaa kumfikia kila mtu, mara nyingine siku nzima, halafu mtu atoke aingie upya kwenye programu. Ningewahamisha Ijumaa mchana ningekunywa chai yangu kwa amani. Na ningewahamisha watano watano. Wewe anza na wale watano wenye moyo mwepesi, wasiogope kitu kipya, halafu hao watawafundisha wengine pale pale mezani na maneno yao yataeleweka kuliko yako.

Foleni ya simu, yaani namna simu za wateja zinavyogawiwa kwa watu wa timu, ndiyo iliyoniumbua kuliko yote. Timu ya magari watu sita niliwawekea zilie zote kwa pamoja, nikidhani atakayekuwa karibu atashika. Unajua kilichotokea, laptopu sita zinalia chumba kimoja, kila mtu anamtazama mwenzake, mteja anasikiliza muziki. Nikabadilisha iende kwa yule aliyekaa muda mrefu bila simu. Hii inaangalia hali ya mtu, kama yuko kijani (yaani yuko tayari) anapigiwa, kama hayuko kijani inampita. Siku ya tatu mmoja (simtaji, anajijua) akagundua kwamba ukijiweka bize simu hazikufikii, kufika mchana watano wote ni wekundu na yule mgeni wa mafunzo peke yake anapokea simu za Mombasa nzima. Lakini hata wale waaminifu walikuwa wanaonewa, kwa sababu ukiiacha kompyuta dakika tano bila kuigusa unageuka njano, na kazi yetu ni ya makaratasi, mtu amekaa pale pale anasoma bili ya mzigo na Teams inadhani ametoka. Tuliishia kwenye zamu, simu inaenda kwa mtu mmoja halafu wa pili halafu wa tatu, bila kuangalia rangi, na anayetoka kula anajitoa mwenyewe kwenye foleni. Ni ya kizamani lakini inafanya kazi.

Sauti ya roboti nayo. Watu wakisikia inakatakata wanakimbilia kuongeza kasi ya intaneti, na simu moja haifiki hata kilobiti 100 kwa sekunde, kwa hiyo siyo kasi. Kwetu ilikuwa fayawoli, yaani mlinzi wa mtandao wa ofisi, imefunga zile pochi, yaani milango ya mtandao, za UDP 3478 mpaka 3481 ambako sauti inapita, Teams ikikosa hapo inapita mlango wa 443 kwa TCP ambao haufai sana kwa sauti, simu inakubali lakini sauti inakuja kama mtu anaongea ndani ya pipa. Kufungua ilinichukua dakika kumi, kugundua wiki moja na nusu. Cha pili ni waifai, wanaopokea simu kutwa nzima wavutie waya. Na hedseti jamani, nunueni hedseti za waya za USB, hizi efoni za barabarani zinashika feni, zinashika tuktuk ya nje, zinashika mpaka mtu anayekunywa kahawa meza ya pili.

Vijana wetu wa bandarini hawana laptopu, wao ni programu kwenye simu zao. Android ina tabia ya kuilaza programu ili kuokoa betri, na ikilala simu hailii, mtu anakuja kuona baadaye amekosa simu kumi na nne. Ingia setingi za betri uiruhusu Teams iendelee nyuma bila kizuizi, na angalia pia masaa ya kimya ndani ya Teams yenyewe. Mimi nilisimama getini asubuhi moja nikawafanyia mmoja mmoja kabla hawajaingia. Na bando? Hili waambie mabosi mapema kwa maandishi. Huwezi kumwambia mtu apokee simu za kampuni kwa bando lake mwenyewe, walinigomea na walikuwa na haki, sasa kampuni inawatumia kila wiki.

Stima ikipotea simu ya mezani ya zamani ilikuwa inalia bado, hii hailii kama rauta imezima, kwa hiyo UPS ndogo (betri ya akiba) kwenye rauta na kile kiboksi cha faiba siyo anasa. Na waambie wazi kabisa, kukiwa na moto au mtu ameanguka, chukua simu yako ya mkononi upige 999 au 112, usianze kuitafuta Teams. Askari wa geti tulimwachia simu ya mezani ya kweli, hizi za Yealink zinazoingia Teams moja kwa moja, hana haja ya kufungua akaunti wala nini, anainua anaongea.

Mzee wetu wa uhasibu ndiye aliyenifundisha kufundisha. Nilifanya semina ya saa nzima na projekta, watu walipiga picha skrini, wakatoka hawajui kitu. Mzee akaniita pembeni, "Mwanangu, mimi sitaki kujua inafanyaje kazi, nionyeshe nampaje bosi simu bila kumkatia mteja." Basi. Nikakaa naye dakika ishirini, nikampigia kutoka chumba cha pili mara nane, kila mara anipeleke kwa mtu mwingine. Mara tatu za kwanza alinikatia, akasema "samahani mwanangu", ya nne ikaenda. Tangu hapo kila mtu nilimfanyia hivyo, kupokea, kuhamisha, kuweka mtu asubiri, na kuongea na mwenzako kwanza kabla hujamhamishia mteja. Mambo manne, hakuna slaidi. Na kama mnarekodi simu, mteja aambiwe kabla hajaanza kuongea, kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na haichezewi.

La mwisho ni ile sauti ya kupokea, "bonyeza moja, bonyeza mbili". Usitumie ya mashine, unarekodi yako unaipandisha, faili isizidi megabaiti 5. Tulimrekodi dada wa mapokezi ndani ya stoo mlango umefungwa, feni imezimwa, mimi nimeshika simu yangu mbele ya mdomo wake huku jasho linatutoka sote wawili, mara ya sita ndiyo ikatoka bila mtu kucheka. Chaguzi tuliziweka kufuata lile daftari, moja ni transiti, mbili magari, tatu malipo, na ukikaa kimya unaenda kwake mwenyewe. Wateja wengi wanakaa kimya. Na wakija kaunta siku hizi wanamwita Bonyeza Moja, yeye anasema anaidai kampuni mrabaha.